Presi ya Mahari: Maisha ya Mzee Bahizire Murhula wa Minto (1957–2025)

Waliokuja hapa wakitegemea kusikia kwamba marehemu alikuwa mpole, mcheshi na mpenda watu wote, wamekosea mazishi. Mzee Bahizire Murhula Boniface alikuwa mtu wa dharau. Alidharau chai ya vikombe vya karatasi, alidharau mahubiri yanayozidi nusu saa, aliwadharau wanaume wanaovaa miwani ya jua kanisani, na kuliko vyote alidharau haraka. Familia ilikaa Jumatatu kuamua kama jambo hili lisemwe au lifunikwe. Mjane wake, Mama Léocadie, ndiye aliyekata shauri: "Mukisema alikuwa mupole, watu watazani munazika mutu mwingine." Basi linasemwa, na dada yake Emerance, ambaye ndiye anayeyasoma haya, anaomba tu asikatizwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa pili wa Mzee Murhula Cirhuza na Mama M'Birindwa, ambao wote wametangulia. Baba yake alikuwa fundi baiskeli karibu na soko. Kabla hata hajaanza shule, marehemu alikuwa akichuchumaa kando ya baba yake na kutoa hukumu juu ya kila baiskeli iliyoletwa. Siku moja mwalimu wa katekisimu alileta yake, mnyororo umelegea, na mtoto akamuuliza mbele ya wateja, "Nani alikaza hii? Alikuwa anakimbilia wapi?" Mwalimu alikuwa ameikaza mwenyewe. Marehemu alichapwa jioni ile, lakini swali lake hakuliacha maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo hapo Walungu, kisha mwaka 1972 akaenda Bukavu kusomea umakanika, akapata diploma yake mwezi Julai 1977. Mkuu wa shule aliandika kwenye ripoti ya mwisho kwamba huyu ni mwanafunzi hodari mwenye majivuno. Baba yake alifurahia neno la kwanza. Yeye mwenyewe alifurahia la pili, na alilitaja hata mwaka huu.

Kuanzia 1978 alifanya kazi kiwanda cha chai, kwenye mitambo ya kukaushia majani, hadi vita vilipokifunga. Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Léocadie, binti wa jirani, ambaye alikuwa amewakataa wanaume wawili kabla yake. Alipoulizwa kwa nini amemkubali huyu mwenye mdomo mchungu, bibi harusi alijibu kwamba wale wawili walimsifu sana na hakuwaamini, lakini huyu alimwambia kwamba mboga yake ina chumvi nyingi, na kweli ilikuwa nayo. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Aline, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1991, baada ya miaka ya kungoja na ya maneno ya watu. Maneno hayo marehemu aliyapokea kwa namna mnayoijua.

Mwaka 1998 vijana wenye bunduki walipita mtaani wakishangilia ushindi ambao hata wao hawakujua ni wa nani, wakifyatua hewani. Risasi moja ilishuka uani na kumwua kaka mkubwa wa marehemu, Zihalirwa, alipokuwa ameinama akiosha miguu. Marehemu ndiye aliyemwokota. Watu walipomwuliza kama anawachukia wale vijana, alisema hapana, chuki ni heshima na wao hawaistahili. Aliwadharau. Alisema mtu anayefyatua kitu bila kujua kinakwenda wapi ni mpumbavu kuliko wapumbavu wote, na uchungu ule hakuutibu kwa machozi, aliutibu kwa neno hilo, akilirudia miaka yote tuliyokaa katika kambi ya wakimbizi Kigoma, Tanzania, tulikokimbilia.

Familia iliingia Sydney tarehe 12 Machi 2008 na kupanga Granville, juu ya duka la simu. Marehemu aliajiriwa Smithfield, kiwanda cha mabomba ya plastiki, akiwa fundi wa mitambo wa zamu, na alikaa hapo hadi alipostaafu Desemba 2021. Wenzake walimwita "Mister No Good", kwa sababu "no good", yaani haifai, ndiyo yalikuwa maneno yake mawili ya kwanza ya Kiingereza, na kwa muda mrefu hakuona haja ya mengine. Mwaka 2013 alinunua nyumba Minto yenye gereji pana. Wageni walionyeshwa gereji kwanza, sebule baadaye, na jikoni kama muda ulibaki.

Ni Smithfield alikokutana na Mzee Kelly, Mwaustralia wa umri wake, fundi kama yeye na mkazi wa Minto pia. Kelly alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na Jumapili moja alimchukua marehemu kwenda kutazama. Wote tulidhani atarudi amekasirika. Alirudi, akanawa mikono, akasema, "Kumbe inawezekana kuituma mahali moja tu." Mwaka uliofuata alikuwa amemaliza kozi ya usalama, amepata leseni, na polisi wamekuja kukagua sanduku la chuma la kuhifadhia bunduki.

Lakini kulenga hakukumvutia kiasi kile alichofanya Kelly mezani kwake. Kelly alikuwa akijaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, kwa mashine ya mkono inayofungwa mezani, ambayo wenyewe wanaiita presi. Ganda husafishwa, hurudishwa umbo lake ndani ya kalibu, hutiwa kifataki kipya cha kuwashia, hupimiwa baruti kwenye mizani, kisha kichwa cha risasi hukalishwa juu yake. Presi ya Kelly ilikuwa ndogo, ya chuma kizito cha kusubu. Ilifanya jambo moja tu kila mkono wake ulipovutwa. Ukitaka jambo la pili, unabadilisha kalibu na kuanza tena na maganda yote. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni adhabu. Kwa marehemu ilikuwa ibada, na aliifuata kila Jumamosi kwa Kelly akiwa na shati safi.

Pale klabuni walikuwako pia wenye presi kubwa. Hiyo ina sahani inayozunguka, na kila unapovuta mkono inafanya mambo yote kwa pamoja, kila ganda kwenye hatua yake, na risasi kamili inadondoka upande wa pili. Marehemu hakukana kwamba inafaa kwa anayeijua na anayepiga risasi nyingi. Alichodharau ni mtu anayeanza nayo. Alisema macho yakienda kwenye simu hata kidogo, ganda moja linapita bila baruti na jingine linapata maradufu, na hapo bunduki inakupasukia usoni. Kulikuwa na mwenzao mmoja klabuni aliyevuta ule mkono huku akisimulia mechi ya raga, na siku moja kichwa cha risasi kilimkwamia ndani ya mtutu. Marehemu hakumpa pole. Alimwuliza alikuwa anakimbilia wapi.

Wako waumini, na baadhi yao wameketi hapa wameinamisha macho, waliosema kwamba Bahizire alikuwa mtu wa vita, kwamba anatengeneza risasi gerejini, kwamba watoto wasipelekwe nyumbani kwake. Mzee mmoja wa kanisa alimfuata na kumwuliza mbele ya watu, "Papa Bahizire, sisi wote tulikimbia risasi. We unatengeneza ya nini?" Marehemu alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Zile tulikimbia zilitengenezwa na watu wasiojua zinaenda wapi," alisema. "Hizi zangu najua. Kila moja inaenda ku karatasi. We, yale maneno yako yanayotoka mudomoni, unajua yanaenda wapi?" Mzee yule hakumsalimu tena, na marehemu alihesabu hilo miongoni mwa baraka zake.

Sasa tufike kwenye mahari, kwa kuwa mmekuja nusu kwa ajili yake.

Mwaka 2015 Aline, ambaye anatunza wazee katika nyumba ya wazee, alimleta nyumbani Blaise, kijana wa Uvira, dereva wa foklifti katika ghala moja Smithfield. Marehemu alimpima kwa macho, akasema viatu vyake vinang'aa mno kwa mtu anayefanya kazi, na hakuongeza neno. Kwake hiyo ilikuwa karibu na kusifu. Wazee wakaanza mazungumzo. Msemaji wa upande wetu alikuwa Rodrigue, mdogo wake marehemu, bingwa wa mila, mtu ambaye angeweza kukueleza namna ya kupokea ng'ombe ingawa hajawahi kumfunga hata mmoja kamba.

Kwa desturi, baba wa binti hupewa suti. Marehemu alimwambia Rodrigue, "Suti sitaki. Ninazo mbili na zote ni za mazishi. Aniletee presi. Ndogo, ya kufanya kintu moja moja, kama ya Kelly. Ndogo tu." Rodrigue akaupeleka ujumbe huo kwa wajomba wa Blaise kama ujumbe wa mahari unavyopelekwa, akitabasamu na kukunja mikono: Muzee anaomba kitu kidogo tu. Na kila mtu aliyekulia kwetu anajua kwamba mzee anayedai mahari akisema analeta maombi madogo, ni adabu tu. Ukimpelekea kidogo umemtukana. Wajomba wakamwambia Blaise, "Yeye ataomba kidogo, we uleta kikubwa. Hiyo njo heshima." Hakuna aliyefikiria kwamba duniani kuna baba mkwe mmoja anayemaanisha anachosema.

Jumamosi tarehe 6 Februari 2016, katika ukumbi Granville, familia ya Blaise iliingia kwa vigelegele. Wanaume wanne walibeba sanduku lililofungwa kwa kitenge kipya cha rangi ya samawati chenye maua ya njano, na kina mama wakacheza mbele yake hadi mezani. Ndani ilikuwa presi kubwa kuliko zote zilizouzwa mjini, yenye sahani, mirija na makorokoro yote ya kujilisha yenyewe. Blaise alikuwa amefanya zamu za ziada msimu mzima kwa ajili yake. Alisimama akitweta kwa furaha. Marehemu akafungua kitenge, akatazama ndani, akavuta ule mkono mara moja, akaona sahani ikizunguka.

"Hii iko mashine ya mutu wa haraka," alisema, na ukumbi wote ukasikia. "Niliomba mbuzi, mumeniletea machinjio. Mahari sijapokea. Siku ataleta ile niliomba, tutaongea."

Rodrigue alijaribu kucheka. Hakuna aliyemfuata. Blaise, ambaye naye si mtu wa kukanyagwa, aliwaambia wajomba wake mbele ya wote, "Mimi nilifata heshima. Kama heshima ni makosa, sina ingine ya kununua." Na hapo ikafungwa. Yule hakuleta ndogo, huyu hakupokea kubwa, na kati yao alikaa Aline.

Aline na Blaise walifunga ndoa kanisani mwezi Septemba mwaka huo. Kiti cha baba mbele kilikuwa tupu. Marehemu alikuja, akaketi safu ya nyuma karibu na mlango, akala, akasema wali haukuiva, akaondoka. Aline alilia chooni na shela yake kichwani, na shangazi yake Emerance alimshikia mkufu usilowe. Mengi ya dharau ya kaka yake Emerance aliyapenda, lakini siku ile hakuipenda, na anasema hivyo hapa akiwa amesimama kando ya jeneza. Binti alitaka jambo moja tu, kwamba mumewe aitwe mkwe nyumbani kwa baba yake. Hakulipata siku ile, wala alipozaliwa mtoto wao Ange, wala Krismasi yoyote iliyofuata. Blaise alipokelewa Minto kama "bwana ya Aline", akapewa chakula, akapewa kiti. Neno mkwe hakupewa.

Kelly, macho yalipoanza kumsumbua mwaka 2017, alihamia kwa binti yake Dubbo na kumwachia marehemu ile presi ndogo. Marehemu aliifunga mezani gerejini na kuitumia miaka iliyofuata. Ile kubwa alikuwa ameiingiza chini ya meza ndani ya sanduku lake, na alipofanya kazi aliweka miguu juu yake. Aline alipoingia gerejini kumletea chai, aliona baba yake amekanyaga mahari yake kwa soksi za sufu. Aliweka chai na kutoka, na marehemu, ambaye aliona kila kitu, alijifanya hakuona.

Tarehe 21 Septemba 2023 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa bustanini. Mkono wa kulia ulilegea, na mdomo ulivutika kidogo, ingawa maneno, kwa bahati au kwa balaa, yalibaki yote. Aliporudi kutoka hospitali alihitaji mwanaume wa kumwinua, kumwogesha na kumnyoa. Rodrigue alikuwa na mgongo unaouma. Blaise alikuja. Alikuja Jumapili ya kwanza bila kuitwa, na ya pili, na zote zilizofuata, akitoka zamu ya Jumamosi na macho mekundu.

"Unaninyoa kama unafyeka shamba," marehemu alimwambia.

"Ndiyo, Papa."

"Na maji iko baridi."

"Nitaongeza ya moto, Papa."

"Usiseme ndiyo-ndiyo. Mutu wa ndiyo-ndiyo ni mutu anataka kwenda nyumbani."

Blaise hakwenda nyumbani. Ndipo siku moja mwaka jana, mwezi wa Mei, marehemu alipomwambia ampeleke gerejini. Kwa mkono wa kushoto alikuwa ameshindwa kuivuta presi ndogo, kwa kuwa mkono wa presi hiyo ulikuwa mfupi na mzito, na jambo hilo lilimtia huzuni kuliko kiharusi chenyewe. Akamwonyesha ndoo ya maganda matupu. "Yaangalie. Moja moja. Kama unaona yenye ufa, nipe." Kisha akafumba macho kwenye kiti chake. Blaise aliketi, akalichukua ganda moja, akaligeuza kwenye mwanga, akaliweka, akachukua jingine. Simu yake ililia mfukoni, akaiacha ilie. Jua lilihama kutoka mlango wa gereji hadi kwenye ukuta wa jirani, naye bado alikuwa akigeuza maganda, hadi karibu na kitako cha ndoo alipopata moja lenye ufa mwembamba shingoni, mwembamba kama unywele. Akampa. Marehemu alifumbua macho, akalitazama, akasema, "Hm."

Mama Léocadie, aliyekuwa akianua nguo nje, anasema katika miaka arobaini ya ndoa aliisikia hiyo "Hm" mara chache sana, na kwamba lile ganda mumewe alikuwa amelitia ndooni kwa mkono wake asubuhi ile.

Mwezi Mei mwaka huu mapafu yalianza kujaa. Alilazwa hospitali ya Campbelltown, na akawadharau madaktari wote isipokuwa mmoja aliyekiri kwamba hajui. Jumatano alimwambia Aline, "Mwambie Blaise Jumapili aje. Aje na muda." Hakusema ni wa nini. Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa mbili asubuhi, Mzee Bahizire Murhula Boniface alitutoka, mkewe akimshika mkono ule mzima. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Jumapili aliyoitaja haikumkuta.

Na Jumapili hiyo hiyo ndipo wanaume walipoingia gerejini kutoa vitu ili viti vya matanga vipate nafasi. Bunduki na baruti zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa kihalali na mwenye leseni. Ilibaki meza, na juu yake ile presi imefunikwa kitambaa kama ilivyokuwa daima, na chini yake lile sanduku. Rodrigue alikuwa amekwisha kuandaa karatasi ya mazishi, na kwenye orodha ya walioachwa Blaise hakuwemo. Rodrigue alisimama katikati ya gereji na kueleza mila. Mahari haikupokewa. Mkwe hayupo. Asiye mkwe habebi jeneza upande wa kichwa, wala haandikwi. Na kwa kuwa mwenye kuikataa amefariki, mali irudishwe kwa mwenyewe mbele ya mashahidi, kabla ya maziko, ili deni lisizikwe na mtu.

"Blaise, hakuna ubaya," alisema. "Ni coutume. Beba sanduku yako."

Aline alikuwa amesimama mlangoni na Ange ubavuni. Uso wake haukuhitaji kuelezwa. Blaise aliinama, akalivuta sanduku kutoka chini ya meza, akalinyanyua, akasimama hivyo hivyo amelikumbatia.

"Hii si yenyewe," alisema. "Hii iko nyepesi."

Akaliweka chini, akalifungua. Ndani, imepakwa mafuta, imelazwa juu ya koti la suti lililokunjwa, ilikuwa presi ndogo ya Kelly. Basi wote wakageuka kutazama meza. Rodrigue mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono na kuvuta kile kitambaa, na ni wakati kilipokuwa hewani ndipo Emerance alipokitambua: samawati, maua ya njano. Chini yake ilisimama presi kubwa, imefungwa mezani kwa boliti nne, mkono wake umehamishiwa upande wa kushoto. Mirija na makorokoro yote ya kujilisha yalikuwa yameng'olewa na kutundikwa ukutani kwenye misumari. Mkono wake ni mrefu na hauhitaji nguvu nyingi, hata mgonjwa anauvuta. Marehemu alikuwa akiitumia presi ya haraka kwa kuilisha ganda moja, hadi liishe, ndipo jingine. Mpini wake ulikuwa umekwisha kuchakaa rangi.

"Nani alimufungia hii?" Rodrigue aliuliza. "Na mukono vile ulikuwa?"

"Nani mwingine?" alisema Mama Léocadie kutoka nyuma ya watu. "Mimi nilishika spana. Ni mwaka sasa. Siku ile Blaise alimupatia lile ganda, alisema, njoo, tufunge ile ya mukwe. Ya mukwe, alisema vile. Na ile ndogo alisema ni zawadi ya kumurudishia, kwa sababu baba akipokea, anarudisha kitu. Alitaka kumupa mwenyewe. Alikuwa anachagua siku."

"Mama, mbona hukusema? Mimi nimepanga mambo yote!"

"Uliniuliza? Muliingia hapa na coutume yenu, munaongea, munaongea. Nikasema ngoja wamalize."

Rodrigue alianza kukikunja kile kitenge, na familia inamshukuru kwa kuishia hapo. Aline alikaa chini pale pale sakafuni, akalia kwa sauti, na safari hii hakujificha chooni. Blaise aliichukua ile presi ndogo kutoka kwenye koti na kuivuta mkono wake mara moja, polepole.

"Si hii njo ya kuanzia?" aliuliza. "Ya watu hawajui?"

"Njo hiyo," alisema mjane. "Alisema bado una haraka kidogo."

Hivyo hata alipopokea alidharau, na alipotoa alidharau pia. Karatasi ya Rodrigue imetupwa na hii mliyoshika imechapwa upya. Wanaosema mtu hapaswi kusemwa hivi mbele ya jeneza wakumbuke kwamba marehemu aliwaambia makubwa zaidi mbele ya sahani zao.

Mzee Bahizire ameacha mjane, Mama Léocadie, binti, Aline, mdogo wake, Rodrigue, dada, Emerance, mjukuu, Ange, rafiki yake Kelly, aliyesafiri kutoka Dubbo na ambaye haoni vizuri lakini amekuja, na mkwe wake, Blaise, ambaye mahari yake imepokelewa, na ambaye atabeba jeneza mbele, upande wa kichwa.

Wabebaji mnaombwa mtembee polepole. Mzee alale salama, na asiwepo wa kumharakisha.